Kiboko wa Nyayanga



Leo twataka kusema nanyi juu ya mkutano mdogo ulioko katika kanisa letu. Mara moja kila mwezi, baada ya ibada ya Jumapili, watu wazima hubaki katika chumba cha Umoja wa Akina Mama, wakazungumza habari za viumbe na mambo ya sayansi. Si darasa la kipaimara, wala si kamati ya harambee. Wapo wavuvi, muuguzi mmoja, walimu waliostaafu, akina mama wanaouza omena, na wengine wanaokuja kwa ajili ya chai tu, nao twawakaribisha. Mtu huleta swali lake. Likijibika, hujibiwa, lisipojibika, twalibeba mpaka mwezi ujao.

Wengine wametuuliza, "Pasta, kwa nini mambo haya yaletwe kanisani? Si kazi ya shule hiyo?" Twawajibu kwa habari ya mama mmoja. Alisimama katika mkutano akasema kwamba mwanawe aliye chuo kikuu hataki tena kuja ibadani. Kijana alisoma habari za mifupa ya kale, na alipouliza kanisani akaambiwa anyamaze, asije akamkufuru Mungu. Basi akanyamaza, kisha akaondoka. Yule mama hakutaka kujua kama mifupa ni ya kweli au si ya kweli. Alituuliza, "Akija Krismasi, nitamwambia nini?"

Ndugu zangu, mifupa hiyo haikuletwa kwa meli kutoka Ulaya. Ni ya kwetu. Huko Karungu, upande wa Migori, mifupa ya wanyama wa kale ilichimbwa tangu mwaka 1911. Na mwaka 2023 wataalamu, wakiwamo wa Makumbusho ya Taifa ya Kenya, walitangaza mambo waliyoyachimbua Nyayanga, katika Rasi ya Homa. Mwenyeji mmoja wa huko, aliyekuwa akifanya kazi nao, ndiye aliyewaelekeza mahali penyewe. Walipata mawe 330 yaliyochongwa kwa kugonganishwa, na mifupa ya wanyama 1,776, na katika hiyo imo mifupa ya viboko wasiopungua watatu. Baadhi ya mifupa ina alama za kukatwa nyama kwa mawe. Umri wake ni kati ya miaka milioni 2.6 na milioni 3. Karibu na hapo yalionekana magego mawili ya kiumbe aitwaye Paranthropus, ambaye hakuwa mtu kama sisi. Mwaka 2025 wakaongeza ya kwamba mawe mengine yalibebwa kutoka mbali, hata kilometa 13, kwa sababu mawe ya pale pale ni laini mno. Mvuvi mmoja aliposikia hayo akacheka, akasema, "Kumbe hata wao walijua kisu kibutu ni kazi bure!"

Lakini miaka hiyo milioni huhesabiwaje? Mwalimu mmoja mstaafu alitueleza vizuri kuliko tuwezavyo sisi. Alisema, madini fulani yaliyomo ndani ya mawe hubadilika polepole, kwa mwendo ujulikanao usiobadilika. Ni kama mtungi unaovuja tone kwa tone. Ukijua hutoka matone mangapi kwa saa, na ukapima maji yaliyovuja, waweza kusema ulianza kuvuja lini. Akina mama wakaelewa mara moja, maana nani asiye na mtungi unaovuja?

Hapo mzee mmoja, mtu wa sala ambaye twamheshimu sana, akasimama. Akasema, "Pasta, mlango huu mnaoufungua hamtaweza kuufunga." Hatukumdharau, kwa kuwa hofu yake ni hofu ya mtu anayelipenda kundi. Tukafungua kitabu cha Ayubu, sura zile za mwisho, pale ambapo Bwana ajibu kutoka katika upepo wa kisulisuli. Ayubu alikuwa amefiwa na watoto, mwili wake una majipu, naye anataka kujua kwa nini. Mungu hakumwambia anyamaze. Alimwuliza habari za mvua na theluji, za mbuzi wa mwituni na siku zao za kuzaa, za tai na kiota chake. Kisha akamwonyesha kiboko, akamwambia kwamba Yeye aliyemwumba Ayubu ndiye aliyemwumba na mnyama yule. Mtu mwenye uchungu alipelekwa akatazame mnyama wa mtoni! Nasi tunao viboko hapa ziwani, na mifupa ya viboko wa kale imo ardhini mwetu.

Wala kanisa letu halikuanza jana kuyachungua mambo haya. Arkidikoni W. E. Owen wa C.M.S., aliyehudumu katika Kavirondo, kama Nyanza ilivyoitwa wakati ule, alizoea kuokota mawe na mifupa katika safari zake za kichungaji. Mwaka 1933 ndiye aliyevumbua mahali pa mifupa ya kale katika kisiwa cha Maboko. Na ndiye huyo huyo aliyesimamia chama cha walipa kodi wa Kavirondo, kilichoanza mwaka 1923. Chama kiliwahimiza watu wachimbe vyoo na kuua panya, na yeye Owen aliwakemea walowezi kwa habari ya kazi ya kulazimishwa, hata wakamchukia. Hakuona kwamba mfupa wa kale, choo na haki ni mambo yasiyopatana na madhabahu.

Yule kijana alikuja Krismasi. Alikaa karibu na mlango, akasahihisha jambo moja tulilolisema juu ya mawe, nasi tukamshukuru. Kama ataingia ibadani hatukumwuliza. Yule mzee naye haji tena mkutanoni, ingawa hakosi Meza ya Bwana, na kila Jumapili twasalimiana kwa mikono miwili.

Sasa sikilizeni jambo lililotokea kwa sababu mlango ulikuwa wazi. Mwaka huu alikuja mama mmoja kutoka upande wa machimbo ya dhahabu ya Migori. Alikaa kimya mikutano miwili, akisikiliza habari za viboko. Katika mkutano wa tatu akauliza juu ya zebaki. Yeye huikoroga kwa mikono mitupu pamoja na mchanga wa dhahabu, huikamua kwa kitambaa, kisha huiweka motoni, jikoni mwake, mtoto akiwa mgongoni. Siku hizi vidole vyake vinatetemeka.

Muuguzi wetu alimjibu bila kuficha. Zebaki ikipashwa moto hupanda kuwa mvuke usioonekana wala kunuka. Huingia mapafuni, ikafika kwenye damu, figo na ubongo, na humfikia hata mtoto aliye tumboni. Huko Minamata, nchini Japani, kiwanda kilimwaga zebaki baharini, samaki wakaibeba, na mwaka 1956 ugonjwa ulitambuliwa kwa watu waliokula samaki wale. Nasi twajua mto Migori huingia Kuja, na Kuja huingia ziwani. Akaambiwa aende hospitali apimwe, yeye na mtoto, na ya kwamba kuna chombo kilichofunikwa, chenye mrija, kinachounasa mvuke ule; tena kisichomewe ndani ya nyumba kamwe.

Kisha akauliza swali la mwisho, kwa sauti ndogo: "Na sufuria ile, nikiisugua kwa majivu, naweza kuipikia tena?"

Tulimwambia hapana. Akina mama wakachanga papo hapo, akaenda zake na sufuria mpya.

Mkutano ujao ni Jumapili ya pili ya mwezi, saa nane mchana. Muuguzi atakuwapo. Ninyi wa machimboni, njoni na maswali yenu, hata kama si watu wa kanisa letu. Mungu awabariki.