SIKU YA TATU MPE JEMBE

Hotuba ya Kamati ya Jamii kwa makanisa ya kambi ya Nyarugusu, iliyosomwa katika maadhimisho ya Siku ya Wakimbizi Duniani

   

Awali ya yote tunamshukuru Mwenyezi Mungu aliyetufikisha siku ya leo. Tunaishukuru Serikali ya Tanzania na wananchi wa Kasulu waliotupa ardhi ya kuweka vichwa vyetu. Tumeombwa tuseme machache juu ya namna makanisa yetu yanavyopokea watu wa lugha na mila mbalimbali. Tungeweza kusema mazuri tu, tukapigiwa makofi, tukaketi. Lakini maneno haya yatachapwa katika jarida la kumbukumbu, na watoto wetu watayasoma. Kwa hiyo tutasema na yale yaliyotushinda.

Ndugu zangu, wengi wetu tuliovuka kutoka Kivu ya Kusini mwaka 1996 tulikuja na vitu vitatu: watoto, masufuria na makanisa yetu. Kambi hii ilipofunguliwa mwishoni mwa mwaka huo, kabla hata nyumba za tope hazijakauka, tayari kulikuwa na ibada chini ya miti. Tulikuwa Wabembe, Wafuliiru, Wavira na wengineo, na kila mmoja alitafuta kanisa lake la nyumbani. Kule kwetu makanisa ya Kiprotestanti yaliwekwa tangu miaka ya 1970 chini ya Kanisa la Kristo katika Zaire, kila jumuiya na namba yake, hata mtu akiulizwa anasali wapi hujibu kwa namba. Mrundi mmoja alituuliza kwa mshangao kwa nini makanisa yetu yana namba kama kadi za chakula. Tulicheka, lakini swali lake lilikuwa na maana. Mtu akitoka nje ya namba zetu, aingilie mlango gani?

Swali hilo lilitufikia kwa nguvu mwaka 2015. Kuanzia mwezi wa Aprili ndugu zetu Warundi walianza kukimbia machafuko nchini mwao. Maelfu walikusanyika Kagunga, kijiji kilicho ukingoni mwa Ziwa Tanganyika, na kipindupindu kikawashukia hapo. Meli ya Liemba iliwabeba hadi Kigoma, kisha mabasi yakawaleta hapa. Kambi yetu, iliyokuwa na watu zaidi ya 60,000, ilipita 150,000 kabla ya mwaka kwisha. Watu walilala madarasani na makanisani. Ziwa walilolivuka ndilo tulilolivuka sisi. Tulijua baridi yake.

Makanisa yalifunguliwa, na hilo tunalisema kwa furaha. Mabenchi yalitolewa nje ili watu walale. Kina mama walipika sombe na ugali wa muhogo kutoka katika mgao wao wenyewe, nao mgao haukuwa mwingi. Hakuna aliyeuliza kabila wala dhehebu. Mgeni alikuwa mgeni, basi.

Shida ilianza baadaye, wageni walipokwisha kupata hema na kadi, wakaanza kuja ibadani kama waumini wengine.

Katika kanisa mojawapo waliwekwa benchi la nyuma. Si kwa ubaya. Mbele kulikuwa na wazee, kwaya na mashemasi, kila mtu na mahali pake tangu zamani. Ibada ilikuwa ya Kiswahili chetu cha Kongo na nyimbo za Kibembe. Waliotoka mjini Bujumbura walifuata kidogo. Waliotoka vilimani walijua Kirundi tu. Walikaa, wakasimama tuliposimama, wakaketi tulipoketi.

Kisha mama mmoja Mrundi akafiwa na mtoto mchanga. Kanisa lilitoka lote kwenda kuzika. Mchungaji alihubiri vizuri, kwaya iliimba vizuri. Tulipokuwa tunaondoka makaburini, yule mama alimshika mkono kijana aliyejua lugha zote mbili akamwuliza: "Wamesema nini juu ya mwanangu?"

Jumapili iliyofuata benchi la nyuma lilikuwa tupu. Zile familia zilikuwa zinasali chini ya mti, nyuma ya mahema. Baadhi yetu tulisema wana kiburi, tumewalisha na sasa wanatukimbia. Wengine walikumbusha mambo ya vita na kunyosheana vidole. Baada ya majuma kadhaa wazee wawili walitumwa kwenda kuuliza. Mzee wao alijibu kwa upole: "Mlitupa chakula na mahali pa kulala, hatutasahau. Lakini hakuna aliyetuuliza neno. Hata ufagio tulinyimwa. Kila tuliposhika ufagio tulifagie kanisa, mlituambia, kaeni, ninyi ni wageni."

Ndugu zangu, jibu hilo lilitukata maini. Tulidhani kumkalisha mgeni ni kumheshimu. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Tumezoea kuitumia methali hiyo kumchoka mgeni, kumwambia sasa imetosha. Lakini itazameni tena. Anayepewa jembe amepewa na mahali pa kulima. Amekuwa mtu wa nyumba. Asiyepewa jembe hubaki mgeni mwaka wa kwanza, wa tano na wa kumi, na mgeni wa miaka kumi si mgeni tena, ni mtu aliyeachwa nje.

Someni Matendo ya Mitume, sura ya sita. Habari hiyo ni ya mgao, na sisi wa kambi tunaielewa kuliko wengi. Wajane wa wale waliosema Kigiriki walikuwa wanasahauliwa katika huduma ya kila siku, na manung'uniko yakatokea. Mitume hawakuwaambia wavumilie. Waliagiza wachaguliwe watu saba wa kusimamia huduma. Tazameni majina ya hao saba, kuanzia Stefano na Filipo hadi Nikolao wa Antiokia: yote ni majina ya Kigiriki. Waliokuwa wanasahauliwa ndio walioona watu wa upande wao wakikabidhiwa ghala. Kanisa la kwanza lilitoa ufunguo.

Basi tuliketi na wale ndugu tukakubaliana mambo matatu, ambayo makanisa mengine nayo yaliyachukua.

La kwanza ni lugha. Somo lisomwe kwa lugha mbili, na mahubiri yatafsiriwe hata kama ibada itarefuka. Mwanzoni hatukuwa na mkalimani wa kutosha. Aliyetusaidia ni mama Muha, mwenyeji wa kijiji cha jirani aliyekuwa akija kuuza ndizi. Kiha na Kirundi hukaribiana sana hata wenyewe husikilizana. Sisi tuliokaa hapa karibu miaka ishirini hatukuwahi kumwona kama hazina. Siku hiyo tulijua kwamba mwenyeji wetu naye alikuwa amekaa benchi la nyuma.

La pili ni kazi. Katika mashemasi, wahazini, walimu wa watoto na wenye funguo, wawepo watu wa kila lugha, wachaguliwe na watu wao wenyewe. Hapa palikuwa pagumu kuliko pote. Baadhi ya wazee wetu walisema, "Kanisa hili tulilijenga sisi kwa matofali yetu." Ni kweli walilijenga. Ilichukua muda kukubali kwamba neno "sisi" linaweza kuongezwa watu bila kuwapunguza wa kwanza.

La tatu ni msiba. Asizikwe mtu kwa lugha ambayo mama yake haisikii. Awepo wa kuomba kwa lugha ya wafiwa, na kila Mkristo ajue walau neno moja la pole. Leo wapo bibi zetu Wabembe ambao Kirundi chao chote ni "Mukomere", nao hulisema vizuri.

Katika kufanya hayo tuligundua jambo lililotufurahisha. Wamisionari wa Kipentekoste kutoka Uswidi walifika mashariki mwa Kongo mwaka 1921, na katika miaka ya 1930 kazi yao ikavuka kuingia Burundi. Kwa hiyo makanisa kadhaa ya pande mbili za mto Ruzizi yana mzazi mmoja, na tuni nyingi ni zile zile. Kwaya mbili zilipofanya mazoezi pamoja, wazee walianza wimbo kwa Kirundi, wetu wakaudaka kwa Kiswahili, na hakuna aliyehitaji mkalimani.

Hatusemi kila kitu kilipona. Si familia zote zilizorudi. Wengine walibaki na kanisa lao la Kirundi, nasi tulijifunza kwamba hiyo si dhambi. Mtu kuomba kwa lugha aliyonyonya kwa mama yake ni haki yake. Dhambi ni kufunga mlango kati yetu. Tulikubaliana kusali pamoja mara moja kwa mwezi, kwa zamu, leo kwao kesho kwetu.

Kwa ndugu zetu wa mashirika tuna ombi moja. Mkitaka kujua jamii inasemaje, msiishie kwa wale wanaojua Kiswahili au Kifaransa vizuri. Hao husikika daima. Ulizeni ni nani hajasema, mleteni mkalimani, msubiri jibu. Kikao kitachelewa, lakini mtasikia habari ya ufagio mapema kuliko tulivyoisikia sisi.

Na kwa makanisa: msiseme jambo hili limepita. Tangu mwaka 2017 Warundi wengi wamerejea kwao. Wakongomani wengi wamepelekwa Marekani na nchi nyingine, wakiwemo wanakwaya na mashemasi wetu. Wanatupigia simu. Wanasema wanaingia makanisa makubwa yenye viti vizuri, wanasalimiwa kwa tabasamu mlangoni, kisha wanakaa nyuma, wanasimama wengine wanaposimama na kuketi wanapoketi. Mmoja alituambia, "Sasa nimemwelewa yule mama wa makaburini."

Ndugu zangu, hakuna anayejua ni lini atakuwa mwenyeji na lini atakuwa mgeni. Sisi tumekuwa vyote viwili katika ardhi hii hii. Jumapili ijayo, kabla ibada haijaanza, kila mmoja ageuke atazame benchi la nyuma la kanisa lake. Akimwona mtu asiyemjua jina, amwulize jina. Na akimkuta ameshika ufagio, amwache afagie, kisha achukue wa pili wafagie pamoja.

Mungu aibariki Tanzania, aiponye Kongo, aijalie Burundi amani.