Adabu ya Kuwaandikia Wanachama Wote

(Maneno yaliyosemwa katika mkutano wa tawi. Yamepigwa chapa kwa ajili ya wale waliokuwa zamu.)



Tumepewa nafasi tuseme machache juu ya barua tunazoandikiana kwa pamoja. Tangu tawi lilipopata anwani moja ya barua pepe, mtu akiandika kwa anwani hiyo neno lake hufika kwa kila mwanachama aliyeandikishwa: dereva aliye njiani, gadi, fundi wa karakana, karani wa stesheni na mlinzi wa geti. Ni chombo kizuri sana. Lakini siku hizi twasikia wenzetu wengine wakisema, "Mimi sisomi tena, ni kelele tupu." Jambo hilo latutia wasiwasi, maana siku litakapokuja tangazo la mazungumzo ya mishahara, mtu huyo hatakuwa na habari, na pengine atakuja kumlaumu Katibu.

Sisi watu wa reli si wageni wa kazi hii. Wazee waliotutangulia kazini walitueleza habari za simu ya kontrol, waya mmoja uliopita stesheni nyingi, hata stesheni masta akiinua simu yake aliweza kuwasikia wengine wakisema. Mtu hakuzungumza mambo ya shamba lake katika waya ule. Alitaja stesheni yake, akataja namba ya treni, akasema neno lake, na aliyepokea akalirudia ili ijulikane kwamba amesikia sawasawa. Basi, akaweka simu. Aliyeshika waya kwa porojo alizuia treni. Anwani yetu ya pamoja ni waya wa namna hiyo hiyo, ila tofauti ni kwamba maneno ya simu yalipita, na haya ya barua hubaki.

Kwanza, kichwa cha barua. "Habari" si kichwa. "Zamu za usiku wiki ya Pasaka" ni kichwa, na asiyehusika ataipita bila kupoteza wakati. Chini mtu aandike jina lake kamili na mahali anapofanya kazi, maana tawini kina Otieno ni wengi, na kina Mwangi vile vile. Herufi kubwa tupu toka mwanzo hata mwisho zisitumike. Msomaji huona kama anapigiwa kelele.

Sasa tuje kwenye majibu, na hapa ndipo penye taabu kubwa. Katibu akiandika kwamba mkutano umeahirishwa, watu thelathini hujibu "Sawa" na "Asante Katibu," na kila "Sawa" huenda kwa wote. Hiyo ni heshima, hatukatai, lakini heshima hiyo imwendee Katibu peke yake. Kabla ya kubonyeza, mtu atazame: jibu hili lamwendea mmoja, au wote?

Msidhani ni jambo dogo. Tarehe 14 Novemba 2016, huko Uingereza, barua ya kujaribu mitambo tu ilitumwa katika huduma ya afya ya serikali, na kwa hitilafu ikawafikia watumishi wapatao 840,000. Wengi wakajibu wote: "Barua hii hainihusu," "Niondoeni katika orodha," na wengine wakajibu wote kuwaambia wenzao wasijibu wote! Kwa muda wa saa moja na robo zilipita barua kama milioni 500, na barua za kazi za hospitali zikakwama nyuma yake. Hakuna aliyekuwa na nia mbaya hata mmoja. Kila mtu aliona barua yake ni moja tu.

Mambo haya yaliandikiwa mwongozo zamani. Mwezi wa Oktoba 1995, Sally Hambridge wa kampuni ya Intel, Marekani, alitoa mwongozo wa adabu kwa watu wanaoandikiana kwa kompyuta, na sehemu moja yake ni juu ya barua zinazokwenda kwa wengi. Aliyeingia karibuni ashauriwa asome barua za wenzake mwezi mmoja au miwili kabla ya kuandika yake. Mtu asiandike katika barua neno ambalo asingeliandika juu ya postikadi. Waliokosana wawili waandikiane wenyewe, si mbele ya wote. Na aliyekasirika angoje mpaka asubuhi. Huo wa mwezi au miwili sisi twaona ni mrefu kwa mwanachama mwenye shida ya kazi. Yeye aandike leo hii. Lakini hayo mengine twayakubali, hasa la kungoja asubuhi. Mtu aliyetoka zamu ya saa kumi na mbili, amenyimwa ovataimu yake, hana mkono mzuri wa kuandika usiku ule.

Tuseme mfano. Mtu aona hesabu ya michango haimwingii akilini. Anayo haki ya kuuliza, tena mbele ya wote, kwa kuwa fedha ni za wote. Aandike: "Tunaomba Mweka Hazina atueleze fedha za mwezi wa tatu zilitumikaje." Lakini akiandika, "Mweka Hazina amekula fedha," hapo hajauliza, amehukumu, na amehukumu kwa maandishi, mbele ya watu wote, mtu mwenye mke na watoto. Ikionekana kesho kwamba risiti zipo, barua ile haitarudi. Imekwisha kupelekwa mbele na watu tusiowajua, na mwenye kusingiziwa aweza kwenda nayo mahakamani.

Na twaomba masikio yenu zaidi katika jambo hili. Barua yetu haikai kwetu tu. Anayeandika kwa kompyuta au anwani ya kazini asifikiri mwajiri hawezi kuisoma. Kwa Sheria ya Mahusiano ya Kazi ya mwaka 2007, mgomo wataka notisi ya maandishi ya siku saba, na wale wanaogoma bila kufuata sheria hiyo waweza kuadhibiwa kazini, na mshahara wa siku hizo hawapati. Sasa mtu mwenye hasira akiandika kwa wote saa nne za usiku, "Kesho hakuna kuingia karakana!" wengine watamfuata wakidhani ni amri ya chama. Kamati haikukaa, notisi haikutolewa, na karatasi ya ushahidi ameiandika mwenyewe. Kwa hiyo maneno ya kusimama kazi hutoka kwa Katibu peke yake, kwa jina lake, baada ya kamati kukaa. Mtu akiona neno hilo limetoka kwa mwingine, ampigie Katibu simu kwanza, asiipeleke mbele barua ile.

Hatusemi haya ili watu waogope kuandika. Fundi aliyetuandikia juu ya krini yenye mnyororo uliolika alifanya vema kabisa: alitaja mahali, siku, na nani aliyeambiwa. Mistari minne tu.

Wako wenzetu wasio na simu za barua pepe. Kila tangazo la Katibu litapigwa chapa na kubandikwa ubaoni karakana na katika chumba cha magadi. Wenye anwani ambao bado hawajaandikishwa, karatasi iko mezani kwa Katibu. Andikeni kwa herufi zinazosomeka, maana nukta moja ikikosewa barua ya chama itakwenda kwa mtu mwingine.