Kopo Liko Wapi? Dawa ya Nywele, Saratani na Mzigo wa Ushahidi
Mhadhara wa umma, Birongo



Oktoba 2022, watafiti wa serikali ya Marekani walichapisha matokeo baada ya kuwafuatilia wanawake 33,497 kwa takriban miaka 11. Kati ya wasiotumia dawa ya kunyoosha nywele, makadirio ya kupata saratani ya mfuko wa uzazi kufikia umri wa miaka 70 yalikuwa asilimia 1.64. Kwa waliotumia zaidi ya mara nne kwa mwaka, 4.05. Siku chache baadaye Jenny Mitchell, aliyegunduliwa na saratani hiyo akiwa na miaka 28, alifungua kesi Chicago. Leo maelfu ya madai kama yake yako mbele ya Jaji Mary Rowland. Kampuni ya L'Oréal na washtakiwa wenzake wanakana madai hayo.

Msiniambie Chicago ni mbali. Mwaka 2013 L'Oréal ilinunua biashara ya vipodozi ya Interconsumer, kampuni ya Kenya, wenye Nice & Lovely. Siilaumu bidhaa hiyo. Nasema tu kampuni inayotajwa katika kesi hiyo ilishaingia soko letu.

Ibara ya 46 ya Katiba ya Kenya inampa mnunuzi haki ya kulindwa afya yake, na ya fidia akidhurika kwa kasoro ya bidhaa. Basi mama wa Birongo anakwama wapi?

Twendeni saluni, Jumamosi, kesho kuna harusi. Nywele zimegawanywa mafungu manne, vaselini imepakwa kwenye paji na masikioni. Msusi anachota dawa kwenye kopo kubwa la wateja wote. Lebo ililowa ikabanduka. Mteja akisema inachoma, anaambiwa avumilie kidogo, bado haijashika. Baada ya wiki kadhaa anarudi kuretachi. Kopo la kwanza sasa linawekwa sabuni ya unga.

Miaka 15 baadaye, mteja huyo akiugua na kushtaki, hakimu atamuuliza: ulipakwa nini, cha kampuni gani, lini? Hana risiti. Utafiti hautamwokoa, kwa sababu haukuuliza majina ya bidhaa. Tena wakili wa kampuni atasema uhusiano si chanzo, na kwamba hata waliopaka mara nyingi, takriban 96 kati ya 100 hawakutarajiwa kuugua kufikia miaka 70. Atakuwa amesema kweli.

Kati ya vikwazo vyake, ni muda tu wenye mlango wa kutokea. Madai ya madhara ya mwili hufungwa baada ya miaka mitatu, lakini kifungu cha 27 cha Sheria ya Ukomo wa Mashauri humruhusu asiyejua mambo ya msingi kuomba ruhusa ya mahakama. Akishajua, asilale: mwaka mmoja tu.

Kwa hiyo napendekeza kaunti iambatanishe leseni ya saluni na daftari: tarehe, mteja, jina la dawa, namba ya toleo. Wasusi watalalamika kwamba ni kazi ya ziada, na ni kweli. Lakini wao ndio huishika dawa hiyo kutwa, mara nyingi bila glavu, na siku wakiugua wataulizwa maswali yaleyale.