Pikipiki ya Gia za Otomatiki: Ijue Kabla ya Kuinunua

Haya ni mazungumzo ya mkufunzi wa ufundi wa magari kwa maafisa wa nyanjani, wahudumu wa afya na wafanyakazi wengine wa kaunti, katika siku ya mafunzo ya usalama barabarani. Tumeyachapa kama alivyoyatoa.

Nawashukuru kwa kuacha kazi zenu na kuja, na nawashukuru zaidi waliokuja na pikipiki zao, kwa sababu tukimaliza hapa tutatoka nje.

Nimeombwa nizungumze kuhusu pikipiki za otomatiki, na sababu naijua. Siku hizi haipiti wiki bila mmoja wenu kunisimamisha aniulize: “Mwalimu, nataka kuchukua mkopo wa sacco, ninunue pikipiki ya kunipeleka kazini. Nasikia kuna zile zisizo na klachi. Zinafaa?” Leo nitawajibu nyote kwa pamoja. Zinafaa. Lakini kila kazi ambayo mashine inaondolea mkono wako wa kushoto, inaidai kwa mkono wa kulia na kwa kichwa. Asiyelijua hilo ataumia, au ataumiza mtu.

Kwanza tuelewane maneno, kwa maana watu wanaita “otomatiki” vitu vitatu tofauti.

Cha kwanza ni pikipiki ambayo haina mkono wa klachi, lakini gia unabadilisha mwenyewe kwa mguu. Klachi yake hushika yenyewe injini ikiongeza mwendo, na huachia injini ikitulia. Honda waliitoa Super Cub ya namna hii mwaka wa 1958, na kufikia 2017 walikuwa wametengeneza zaidi ya pikipiki milioni 100 za jina hilo. Kwa hivyo msidhani jambo hili ni geni. Ni la zamani kuliko wengi wetu tulio hapa.

Cha pili ni skuta. Hii haina gia za meno za kubadilisha. Ina mkanda unaozunguka kwenye puli mbili, na puli hizo hupanuka na kubana kulingana na mwendo. Unawasha, unazungusha mkono wa kulia, unakwenda.

Cha tatu ni pikipiki kubwa kidogo yenye gia halisi za meno, lakini inayojibadilishia yenyewe. Hii ndiyo wengi wenu mmeiona kwenye simu, na mfano mmoja unaojulikana ni Honda NC700X ya klachi mbili, iliyoingia sokoni 2012, na ndugu yake NC750X iliyofuata 2014. Barabara zetu hazina nyingi. Nitaieleza hata hivyo, kwa sababu ukiielewa hii, hizo nyingine hazitakusumbua.

Wahandisi wake walifanya jambo la busara. Badala ya kutafuta mbio, walitafuta pikipiki ya mtu wa kwenda kazini na kurudi. Injini ina silinda mbili zilizolazwa mbele ili uzito ukae chini, na fikra zake nyingi zilitoka kwenye injini ya gari dogo la kampuni hiyo hiyo. Injini ile ya kwanza ilikuwa ya sisi 670, na kikomo chake kilikuwa mizunguko 6,500 hivi kwa dakika. Kwa pikipiki ya ukubwa huo, hiyo ni injini ya kazi, si ya mashindano. Huvuta kwa nguvu ikiwa bado imetulia, na injini inayofanya kazi ikiwa imetulia hunywa mafuta kidogo. Tangi la petroli liko chini ya kiti. Pale ambapo umezoea kuona tangi pana sanduku la kuingiza kofia nzima, au mkoba wako wa dawa, au faili zako, na mvua isiziguse.

Sasa gia. Ziko sita, na klachi ni mbili. Klachi moja inashughulikia gia ya kwanza, ya tatu na ya tano. Nyingine inashughulikia ya pili, ya nne na ya sita. Mmewaona akina mama wawili wakitwanga kwenye kinu kimoja. Mchi mmoja unaposhuka, mwingine uko juu tayari, wala hakuna wakati kinu kinapokaa bila kazi. Ndivyo klachi hizi zinavyopokezana. Ukiwa gia ya pili, ya tatu imekwisha kuandaliwa. Kompyuta ikiona wakati umefika, klachi moja inaachia na nyingine inashika. Aliyeketi nyuma yako hatikisiki.

Faida yake ni ipi? Muulizeni anayetoka Mtwapa kila asubuhi. Kwenye msongamano ule, mwenye klachi ya kawaida anaminya na kuachia mara mia kabla hajafika kunakopumulika. Kidole gumba kinakufa ganzi, kiganja kinauma. Mkunga akifika kazini na mkono uliochoka, huo ndio mkono atakaompokelea mtoto. Kwa hivyo sidharau faida hii hata kidogo.

Tuje kwenye mafuta, maana neno “nafuu” ndilo linalowavuta. Tufanye hesabu. Mtwapa hadi Kilifi mjini ni kama kilomita 40. Kwenda na kurudi ni 80, na kwa siku 22 za kazi ni kilomita 1,760 kwa mwezi. Pikipiki ya NC, ikiendeshwa kwa utulivu, huenda kama kilomita 28 kwa lita. Hiyo ni lita 63 hivi kwa mwezi. Gari dogo linalopata kilomita 14 kwa lita litakunywea lita 126. Umeokoa nusu. Lakini bodaboda ya kawaida ya sisi 125 inayopata kilomita 45 kwa lita, lita 39 zinaitosha.

Mmeona? Pikipiki hiyo ni nafuu ukiilinganisha na gari au na pikipiki nyingine kubwa. Ukiilinganisha na bodaboda ya jirani yako, si nafuu. Anayekwenda mbali kila siku kwenye barabara kuu, penye malori na upepo, uzito wake na utulivu wake utamsaidia. Anayezunguka wadi moja kwenye njia za mchanga kule ndani ya Kaloleni au Ganze, pikipiki ya zaidi ya kilo 200 itamlemea siku ya kwanza itakapolala ubavu. Pima safari yako kwanza, halafu upime pikipiki.

Sasa nafika kwenye jambo lililonileta.

Miaka michache iliyopita niliazima skuta ya rafiki yangu. Ilikuwa ya zamani, haikuwa na ile swichi inayozima injini stendi ikishushwa. Nilifika nyumbani, nikaiweka kwenye stendi ya pembeni uani, injini ikinguruma, nikaingia ndani kuchukua stakabadhi. Dakika moja tu. Mpwa wangu wa miaka saba akapanda, akafanya kama anavyotuona sisi wakubwa tukifanya. Akazungusha mkono wa kulia.

Pikipiki ya kawaida ikiwa haiko kwenye gia ingepiga kelele tu, naye angecheka. Ile iliruka. Ilivuka ua na kugonga tangi la maji. Nilipotoka nilimkuta chini, bega limevunjika. Alipona, na leo anacheza mpira. Dada yangu hakunilaumu hata kwa neno moja, na hilo ndilo linaloniuma mpaka sasa.

Nami nilikuwa fundi. Nilijua mashine ile inavyofanya kazi. Nilichokosa ni mazoea. Kwa miaka ishirini mwili wangu ulikuwa umezoea kwamba pikipiki iliyosimama ni pikipiki tulivu. Ya otomatiki haiko hivyo. Ikiwa inanguruma na iko tayari kwenda, mkono wa kulia ndio mlango, na mlango hauna kufuli.

Kwa hivyo nawaomba mchukue mambo matano.

La kwanza: ukishuka, zima, na ufunguo uingie mfukoni. Hata kama unamwambia mtu neno moja tu. Kwenye pikipiki yenye klachi mbili kuna swichi ya kuitoa kwenye gia, na kuna breki ya kuegeshea, kwa sababu ukiizima huwezi kuiacha kwenye gia ili isibingirike kama ulivyozoea. Itumie breki hiyo kila mara. Na ile tabia ya kupiga resi ukisubiri abiria au ukimsalimia mwenzako, iacheni kabisa. Kwenye otomatiki, kupiga resi ni kuondoka.

La pili: mkono wa kushoto. Kwenye skuta, pale ulipozoea kukuta klachi pana breki ya nyuma. Mtu aliyezoea klachi akishtuka, huminya kwa nguvu zote. Gurudumu la nyuma linafunga, na kwenye mchanga au lami yenye maji, pikipiki inalala. Kwenye NC pale hakuna klachi ya kushika, na hilo lina hofu yake. Dawa ni moja: uwanja mtupu, bila abiria, kwa siku kadhaa, mpaka mkono usahau.

La tatu: mwendo wa pole. Sisi tuliozoea klachi tunageuza pikipiki mahali pembamba kwa kuishikilia klachi nusu. Huku hakuna klachi ya kushikilia. Shika mwendo mdogo usiobadilika kwa mkono wa kulia, na utumie breki ya nyuma kidogo, kama unavyotuliza punda kwa kamba bila kumsimamisha. Usiguse breki ya mbele ukiwa umekata kona.

La nne: mteremko. Pikipiki inayojibadilishia gia hupenda kupanda gia za juu mapema ili iokoe mafuta. Ukishuka milima ya Rabai ukiwa na mzigo, gia ya juu haikushikilii, na breki zinabeba kazi yote mpaka zipate moto. NC ina kitufe cha kupunguza gia kwenye mkono wa kushoto. Kitumie kabla ya mteremko, si katikati yake. Skuta nyingi hazina kitufe hicho, kwa hivyo punguza mwendo ukiwa bado juu.

La tano: betri na oili. Bodaboda betri ikifa, unapiga kiki, au vijana wawili wanakusukuma, inawaka. Pikipiki yenye klachi mbili haiwaki kwa kusukumwa, kwa maana klachi zake hushikwa kwa nguvu ya oili, na oili haina nguvu mpaka injini iwe inazunguka. Ukikwama usiku kati ya Vipingo na Takaungu, umekwama. Angalia betri yako, hasa hapa Pwani ambapo hewa ya chumvi hula vichwa vya nyaya. Badilisha oili kwa wakati, kwa sababu oili hiyo hiyo ndiyo inayoshika klachi. Na cheni ioshwe na ipakwe mafuta mara nyingi kuliko kitabu kinavyosema. Kitabu hakikuandikwa kando ya bahari.

Hayo matano yanahusu hata pikipiki za umeme zinazoingia sasa. Nyingi hazina klachi wala gia za kubadilisha, na hazingurumi zikisimama. Hiyo ni hatari zaidi, kwa sababu hata mlio wa kukuonya haupo.

Kabla ya kutia sahihi fomu ya mkopo, jiulize maswali yafuatayo. Fundi wa kuitengeneza yuko wapi? Spea zinapatikana Mombasa, au zinaagizwa ng'ambo? Mkopo wa sacco hausubiri spea ifike. Unakatwa kila mwisho wa mwezi, pikipiki ikiwa barabarani au ikiwa imefunikwa turubai. Leseni yako inaruhusu pikipiki? Leseni ya gari peke yake haikuruhusu, na anayebeba abiria kwa malipo ana daraja lake. Bima umeipigia hesabu? Na kofia je? Sheria inataka wewe na abiria wako mvae kofia na jaketi la kung'aa, na abiria awe mmoja. Kuwa na otomatiki hakukuongezei nafasi ya pili.

Ukiyajibu hayo na hesabu ikakubali, nunua, na nitafurahi kukuona unafika kazini mkono haujachoka. Ikikataa, bodaboda yako ya klachi iliyotunzwa vizuri haina aibu yoyote.

Nje kuna skuta moja na pikipiki moja ya klachi. Kila mmoja ataziendesha zote mbili, polepole, kuzunguka zile koni, kisha atasimama, atazima na kutoa ufunguo. Nitamwangalia kila mtu pale kwenye ufunguo, hata wewe daktari. Asiyeutoa atarudia.

Twendeni.