Mikono Mirefu ya Kuinulia Jeep: Tazama Vishikio Kwanza

Jeep Wrangler za tangu mwaka 1997 hukalia springi za koili, na ekseli zake hushikwa na mikono ya chuma. Gari likiinuliwa sana, mikono mifupi huinama mno. Gurudumu likigonga jiwe, mshtuko hupanda moja kwa moja kwenye chasisi. Mikono mirefu hulala karibu na usawa, na gari hutulia. Kwa kuinua inchi 2 tu, mikono ya kiwandani hutosha. Mirefu ni kupoteza pesa.

Ukinunua mikono mirefu, cha kukagua kwanza ni vishikio vyake vya kwenye chasisi. Si rangi. Si bei. Ni vishikio, kwa sababu hupokea nguvu ya breki na ya injini. Viwe vya chuma kinene. Visining'inie chini, maana vitanasa mawe. Vichomelewe na fundi wa chasisi, si wa mageti. Bushi nazo zitaisha, kwa hiyo ziwe zinauzwa peke yake. Seti kamili huja na springi, shokapu na mipira mirefu ya breki.

Anayetaka kununua, kwanza atafute gari lililofungwa seti hiyo. Alale chini yake, avitazame vishikio.