FAINI YA MASKINI

(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama wa Visiwani walioko Kikuyu, Dodoma)



Tumekutana hapa Kikuyu, mbali na bahari, katika mji wenye Bunge na Makao Makuu ya Mahakama ya Tanzania. Wengine wenu mmekuja kusoma, wengine kufanya kazi, wengine kutafuta riziki sokoni. Mtu akishitakiwa hapa kwa jinai huhukumiwa kwa sheria za Bara, wala si kwa zile za kwetu, maana Zanzibar ina sheria zake za jinai na korti zake. Kwa hiyo yatupasa tuzijue sheria za mahali tulipo. Neno letu leo ni moja: faini.

Tuseme hakimu ametamka, "Lipa shilingi laki tatu, au uende jela miezi mitatu." Maneno hayo yana sura ya usawa. Mwenye fedha atatoa simu mfukoni, atalipa, na adhuhuri atakuwa kwake akila chakula. Lakini kijana anayeendesha bodaboda ya tajiri, au mama auzaye uji na vitumbua kando ya njia, ataitoa wapi laki tatu kwa saa moja? Kwake yeye neno "au" halina maana. Hukumu yake ni jela tu. Kosa ni moja, hukumu ni moja, adhabu ni mbili.

Na jamaa zake huko Bahi au Chamwino watauza mbuzi siku ile ile kwa bei aitakayo mnunuzi, kwani mnunuzi ajua kuwa wana haraka. Lau wangalipewa majuma machache, mbuzi wale wale wangalifika mnadani na kupata bei yao ya haki. Mara nyingi maskini hakosi mali kabisa; hukosa muda.

Je, sheria imemfungia milango yote? La, hasha. Makosa mengine yamewekewa kifungo pasipo faini, na hayo si maneno yetu ya leo. Lakini penye faini, shikeni mambo haya manne.

Kwanza, mshitakiwa akiisha kutiwa hatiani huulizwa kama ana la kusema kabla ya adhabu. Asinyamaze kwa hofu! Aseme pato lake kwa siku, na watu wanaomtegemea. Kanuni ya Adhabu yenyewe yasema kwamba pale ambapo kiasi cha faini hakikutajwa, faini isipite kiasi.

Pili, aombe muda, au aombe kulipa kwa mafungu. Korti ina uwezo huo, na mwenye kuuomba hakuvunja heshima. Haba na haba hujaza kibaba.

Tatu, iko Sheria ya Huduma kwa Jamii ya mwaka 2002. Kwa kosa lenye kifungo kisichozidi miaka 3, korti yaweza, mshitakiwa akiridhia, kumpa kazi ya manufaa ya watu bila ujira, naye akarudi kulala kwake. Ofisa wa uangalizi humchunguza na kuipa korti taarifa.

Nne, kifungo cha kukosa faini hukoma faini ikilipwa, hata kama mtu amekwisha kuingia Gereza la Isanga. Fedha zilipwe kwa namba ya malipo ya Serikali, wala zisipitie mkononi mwa mtu, na stakabadhi itunzwe.

Ndugu zangu, kuchangiana faini si jambo geni katika siasa. Mwaka 1958 Mwalimu Nyerere alihukumiwa kwa maneno yaliyochapwa katika Sauti ya TANU, karatasi kama hii yetu: shilingi 3,000 au miezi 6. Faini ikalipwa. Machi 2020, katika korti ya Kisutu, Freeman Mbowe na wenziwe, akiwamo Salum Mwalimu wa Zanzibar, walitozwa jumla ya shilingi milioni 350 au miezi 5 kila mmoja. Watu wakachanga, viongozi wakatoka. Mwaka 2021 Mahakama Kuu ikaitengua hukumu ile na kuamuru fedha zirudishwe.

Hao walikuwa na majina. Mama wa vitumbua atachangiwa na nani? Hapo ndipo chama kinapopimwa. Twasema kila tawi liwe na mfuko mdogo wa faini, na mtu mmoja wa kumsindikiza mshitakiwa kortini na kumtafutia msaidizi wa kisheria, kwani Sheria ya Msaada wa Kisheria imekuwapo tangu 2017. Na wawakilishi wetu walidai Bungeni jambo hili: hakimu asitamke faini kabla hajauliza uwezo wa mtu, na jibu liandikwe.

Hatutetei uhalifu. Mwenye kosa na aadhibiwe kwa kosa lake, lakini asifungwe kwa umaskini wake. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni.