Paipu ya Stima Isiyoshikwa



Leo hatusemi habari za mshahara. Twataka kusema juu ya kitu kidogo: kibano cha kushikia paipu ya chuma ya stima, kile kibati chenye skrubu mbili.

Wengi hudhani vibano hupigwa ili paipu ionekane imenyooka tu. Sivyo. Paipu ya chuma hulinda waya, na tena mara nyingi yenyewe ndiyo njia ya kupeleka stima ardhini waya ukichubuka. Paipu ikining'inia, uzito wake huvuta viungo. Kiungo kikilegea, njia ya ardhini imekatika. Fyuzi huenda isikatike, na paipu yabaki na stima. Atakayeishika ni nani? Ni mwenzetu, mpaka rangi au seremala aliye juu ya ngazi.

Basi, kwa kanuni za Kiingereza ambazo wengi wetu tulifundishwa hapa Kenya, paipu ya milimita 20 au 25 ikilala, kibano kwa kibano pasizidi mita 1.75, ikisimama, pasizidi mita 2. Karibu na kila boksi na kila kona, tieni kingine. Msiifunge kwa waya wa nondo, wala msiilaze juu ya dari au paipu ya maji. Dari ikibomolewa, paipu itaanguka nayo.

Penye boriti za sakafu, kateni kwa hesabu. Tundu lipite katikati ya kimo cha boriti, lisizidi robo ya kimo hicho. Boriti ya milimita 200, tundu lisizidi milimita 50. Mkikata pengo upande wa juu, lisizidi sehemu moja katika nane, yaani milimita 25, tena liwe upande wa ukutani, si katikati ya urefu wa boriti. Mbao za kenchi msizikate kabisa.

Twajua mtakavyojibu. Msimamizi husema, "Fanyeni haraka, plasta ni kesho, vibano vimekwisha." Sisi pia tumeambiwa hayo, na wengine wetu tukanyamaza. Lakini ajali ikitokea, hatafutwi aliyekataa kununua vibano. Hutafutwa fundi.

Ndugu, Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 yatuagiza tukiona hatari kubwa tumwarifu msimamizi. Na mwajiri hana ruhusa ya kuturudisha mahali pale hatari ingalipo. Basi semeni mapema, kabla ya plasta. Semeni mkiwa wawili, andikeni siku na mahali, na mjulisheni mjumbe wa chama.

Na mwanafunzi wa kazi akiuliza kwa nini vibano ni vingi hivi, msimcheke. Mwelezeni. Siku moja huenda yeye ndiye atakayepiga paipu juu ya vichwa vya watoto wetu.